Auer von Welsbach, Mtu Aliyewatenganisha Mapacha

Waulize wazee waliokulia kijijini kabla ya nguzo za umeme kufika, watakusimulia habari za karabai. Ilikuwa taa ya heshima. Inapigwa pampu, inanguruma, halafu ua zima linawaka kama mchana. Iliwashwa kwenye harusi na kwenye misiba, na wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria walikwenda nayo majini usiku. Katikati ya taa hiyo kuna kifuko cheupe, laini, ambacho kikishawaka mara moja ukikigusa kinasagika kama majivu. Watu wengi hudhani ni moto unaoangaza. Kumbe moto wenyewe ni wa bluu na hafifu, kinachoangaza ni kile kifuko.

Sasa chukua kiberiti cha gesi. Kuna kijiwe kidogo kinachosuguliwa na gurudumu kikatoa cheche. Halafu fikiria spika iliyomo ndani ya simu yako, ile inayosumbua chumba kizima hosteli saa sita usiku. Ndani yake kuna sumaku ndogo yenye nguvu kupita kiasi. Vitu hivi vitatu vinaturudisha kwa mtu mmoja, Carl Auer von Welsbach, mwanakemia wa Austria. Kifuko na kijiwe alivibuni yeye. Sumaku hakuiona maishani mwake, lakini metali inayoipa nguvu, neodimiamu, ndiye aliyeitoa mafichoni.

Kwa wanachuo wengi wa sayansi jina lake ni mstari mmoja kwenye kitabu, unaupita ukikimbilia swali la mtihani. Maisha yake lakini yana somo, hasa kwa mtu anayesoma kwenye nchi yenye mawe ya thamani chini ya ardhi.

Mtoto wa mchapaji

Carl alizaliwa Vienna tarehe 1 Septemba 1858. Baba yake, Alois Auer, alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha uchapaji cha dola. Huyu mzee alitoka katika familia ya kawaida tu, akapanda kwa akili na bidii mpaka mwaka 1860 mfalme akampa cheo cha heshima, ndipo familia ikaanza kujiita von Welsbach. Carl alikuwa na umri wa miaka 10 tu baba yake alipofariki.

Baada ya shule alipitia jeshini, kisha akaanza masomo ya kemia Vienna. Mwaka 1880 akahamia Heidelberg, Ujerumani, kwa mwalimu aliyekuwa gumzo la Ulaya nzima: Robert Bunsen. Ndiyo, huyo huyo wa kichomeo cha Bunsen unachokiwasha maabara. Bunsen na mwenzake Kirchhoff walikuwa wameonyesha kwamba kila elementi ikiunguzwa hutoa mistari yake ya rangi, na mistari hiyo ukiitazama kwa spektroskopu ni kama alama za vidole. Elementi mbili hazina mistari inayofanana. Auer alijifunza chombo hicho barabara, akapata udaktari mwaka 1882, akarudi Vienna.

Na alirudi kwenye kazi gani? Msaidizi wa maabara ya Profesa Adolf Lieben, bila mshahara. Kijana ana shahada ya udaktari kutoka kwa Bunsen, na anajitolea. Wale mnaosubiri ajira mkiwa na vyeti mezani, hapo mtakuwa mmemwelewa.

Mapacha wa Mosander

Kazi aliyoichagua ndiyo iliyowashinda wengi. Kuna kundi la metali zinazoitwa elementi za ardhi adimu, au kwa lugha ya magazeti yetu, madini adimu. Jina hilo linapotosha kidogo, maana baadhi yake si adimu hata kidogo. Seriamu, kwa mfano, ipo kwa wingi katika gamba la dunia karibu sawa na shaba. Tabu yake ni kwamba zinakaa pamoja kwenye jiwe moja na hazitaki kuachana.

Sababu iko ndani ya atomu. Katika kemia, atomu hujuana kwa elektroni za nje. Metali hizi karibu zote hutoa elektroni tatu za nje, basi zote zinatenda vilevile: zinayeyuka pamoja, zinaganda pamoja, zinaingia kwenye mchanganyiko pamoja. Ni kama ndugu wa tumbo moja waliovaa sare. Tofauti zao zimejificha ndani zaidi, katika elektroni za ganda linaloitwa 4f, na kemia ya kawaida haifiki huko. Usumaku unafika. Ndiyo maana ndugu hawa wanaofanana hivyo kwenye chupa hutofautiana sana ukiwapeleka mbele ya sumaku. Lakini huwezi kuiona tofauti hiyo kama bado wamechanganyika.

Mwaka 1841 Mswidi Carl Gustaf Mosander alidhani amepata elementi mpya, akaiita didimiamu, jina lililotokana na neno la Kigiriki la pacha, kwa kuwa ilifuatana na lanthanamu popote. Miaka zaidi ya 40 wanakemia wakaishi na didimiamu kama elementi halali. Wengine walianza kushuku, ila kushuku si kuthibitisha.

Auer akaanza kazi. Njia yake ukiielewa utacheka jinsi ilivyo rahisi, halafu utashika kichwa ukijua kiasi cha kazi. Unayeyusha chumvi ya metali kwenye maji, unachemsha hadi maji yapungue, unaacha yapoe. Fuwele zinajitokeza. Kama kuna chumvi mbili humo ndani, moja inatangulia kuganda kwa tofauti ndogo mno, hivyo fuwele zina nyingi kidogo ya ile ya kwanza, na maji yaliyobaki yana nyingi kidogo ya ile ya pili. Unatenga. Unayeyusha fuwele upya, unarudia. Unarudia tena. Mamia ya mara. Kila hatua unapima kwa spektroskopu uone kama mistari imesogea, wapi imefifia, wapi imekolea. Hakuna njia ya mkato wala hakuna desa la kunakili.

Juni 1885 aliwasilisha matokeo yake kwa Akademia ya Sayansi ya Vienna. Didimiamu ilikuwa imepasuka vipande viwili. Kimoja kilitoa chumvi za kijani, akakiita praseodimiamu, yaani pacha wa kijani. Kingine kilitoa chumvi za rangi ya waridi, akakiita neodimiamu, pacha mpya. Alikuwa hajatimiza miaka 27.

Kifuko kinachoangaza, na kampuni iliyokufa

Mwaka huohuo alikuwa na jambo lingine mkononi. Alikuwa ameona kwamba oksaidi za metali hizi zikiwekwa kwenye moto wa Bunsen zinang'aa ajabu. Akachovya kitambaa cha pamba kwenye maji ya chumvi zake, akakikausha, akakichoma. Pamba ikateketea, lakini umbo la nyuzi likabaki, sasa likiwa oksaidi tupu. Ukiliweka juu ya moto wa gesi, linawaka mwanga mkali.

Wakati huo taa ya umeme ya Edison, ya mwaka 1879, ilikuwa imeanza kuwatia hofu wenye kampuni za gesi. Auer akachukua hataza, akanunua kiwanda Atzgersdorf, nje kidogo ya Vienna, mwaka 1887. Biashara ikaanza kwa shangwe, ikaishia kwa aibu. Vifuko vilikuwa vinavunjika haraka, bei juu, na mwanga wake ulikuwa wa kijani kijani ambao watu hawakuupenda. Mwaka 1889 kiwanda kikafungwa.

Hapa ndipo habari yake inaponoga. Angeweza kwenda kufundisha, akamalizia maisha kama profesa wa kawaida. Yeye alirudi maabara, na pamoja na msaidizi wake Ludwig Haitinger akaigeukia thoriamu, metali iliyokuwa mojawapo ya viungo vya vifuko vyake. Akafanya lile alilolijua kuliko watu wote: kuisafisha. Jambo la ajabu likatokea. Kadiri thoriamu ilivyozidi kuwa safi, ndivyo mwanga ulivyozidi kufifia.

Mtu mwingine angesema usafi ni hasara, tuendelee na ile chafu. Auer aliuliza uchafu ulioondoka ulikuwa nini. Akautafuta, akaukuta: seriamu, kidogo tu. Akairudisha kwa kipimo. Nyingi mno, mwanga unakufa. Hakuna kabisa, mwanga unakufa. Sehemu 99 za oksaidi ya thoriamu na sehemu 1 ya oksaidi ya seriamu zikatoa mwanga mweupe, mkali, kwa gesi kidogo. Novemba 1891 taa hizo ziliwashwa mbele ya mkahawa karibu na jumba la opera la Vienna, na baada ya hapo zikaenea dunia nzima. Karabai za mafuta ya taa zilizofika kwetu zilibeba kifuko kilekile. Tukumbuke pia kwamba thoriamu ni ya mnururisho, na siku hizi watengenezaji wengi wameiacha.

Ukitaka kuyakumbuka maisha ya huyu mtu kwa jambo moja, chukua hilo. Asingesafisha kwanza, asingejua ni uchafu upi unafanya kazi, wala ni kiasi gani. Mchanganyiko wa kubahatisha ulimfilisi. Mchanganyiko uleule kwa jina, uliojulikana vipimo vyake, ukamtajirisha.

Kushindana na taa yake mwenyewe

Alipopata fedha hakukaa kuzihesabu. Alihamia Carinthia, kusini mwa Austria, akanunua kiwanda cha chuma kilichokufa pale Treibach, akajenga nyumba kubwa yenye maabara ndani yake. Huko akaanza kuishambulia taa yake mwenyewe ya gesi kwa kutafuta uzi bora wa taa ya umeme. Uzi wa Edison ulikuwa wa kaboni. Auer alichagua osmiamu, metali inayostahimili joto kali sana kabla ya kuyeyuka. Osmiamu haivutiki kuwa waya, inavunjika. Akaisaga, akaichanganya kuwa uji mzito, akaikamua kama tambi na kuichoma. Mwaka 1902 taa hizo ziliingia sokoni, za kwanza zenye uzi wa metali kuuzwa kibiashara. Osmiamu ilikuwa ghali, na baadaye tangsteni, ambayo Wajerumani huiita wolfram, ikachukua nafasi. Jina la Osram, lililosajiliwa mwaka 1906, ni muungano wa osmiamu na wolfram.

Wakati huo vifuko vya gesi vilikuwa vimezaa tatizo. Thoriamu ilitolewa kwenye mchanga wa monazaiti ulioletwa kutoka Brazil. Ndani ya mchanga huo thoriamu ni kidogo. Sehemu kubwa ni seriamu, lanthanamu na ndugu zao, ambao hawakuwa na mnunuzi. Taka zikarundikana. Auer aliziyeyusha kuwa metali, akakuta kwamba zikichanganywa na chuma, takriban 70 kwa 30, unapata aloi ngumu ambayo ukiikwaruza inatoa cheche. Hataza ilitoka mwaka 1903, na mwaka 1907 kampuni ya Treibach ikaundwa kuizalisha. Hicho ndicho kijiwe cha kiberiti cha gesi. Lile rundo la taka likawa bidhaa inayouzwa kila duka, na kampuni ya Treibach ipo hadi leo.

Hesabu aliyoshindwa

Asije mtu akadhani alishinda kila mahali. Kati ya 1905 na 1907 alirudia mchezo wake wa mapacha, safari hii kwa itabiamu. Aliipasua mara mbili, akayapa mapande majina ya nyota: aldebaraniamu na kasiopeiamu. Tatizo, Mfaransa Georges Urbain kule Paris alikuwa amefika palepale kwa wakati uleule, akiita lake lutetiamu, kutokana na jina la kale la jiji la Paris. Ukazuka ugomvi mkubwa wa nani alitangulia, na kila upande ukadai vipimo vya mwenzake si safi.

Mwaka 1909 kamati ya kimataifa ya uzito wa atomu ikampa ushindi Urbain. Mmoja wa wajumbe wa kamati hiyo alikuwa Urbain mwenyewe. Jamani, hata kwenye uchaguzi wa wanafunzi tungepiga kelele. Wajerumani na Waaustria waliendelea kuandika kasiopeiamu kwa miongo kadhaa, lakini vitabu vya leo vina lutetiamu, na aldebaraniamu imebaki hadithi.

Auer hakuacha kazi kwa hasira. Mfalme alikuwa ameshampa cheo cha baroni mwaka 1901. Aliendelea kutenganisha metali, akipiga picha na kutunza bustani yake ya waridi, mpaka alipofariki nyumbani kwake Carinthia tarehe 4 Agosti 1929. Baadaye Austria iliweka sura yake kwenye noti ya shilingi 20.

Waliyoyafanya mapacha baada yake

Miaka 6 baada ya kifo chake, mwaka 1935, Urbain na wenzake Pierre Weiss na Félix Trombe waligundua kwamba gadoliniamu safi hushikwa na sumaku kama chuma, lakini ikipata joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi hali hiyo inapotea. Chukua kipande cha gadoliniamu ukiweke Makambako asubuhi ya Julai, kitanasa kwenye sumaku. Kilete Dar mchana wa Februari, kitaanguka. Zile elektroni za 4f zilizojificha ndizo zenye tabia hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wajapani na Wamarekani, kila upande kivyake, waliunganisha neodimiamu na chuma na boroni kidogo. Ndiyo sumaku ya spika yako, ya mota za magari ya umeme na ya mitambo mingi ya upepo.

Ajabu zaidi zilikuja metali hizi zilipounganishwa na silikoni. Mwaka 1979, Frank Steglich na wenzake Ujerumani walichunguza mchanganyiko wenye seriamu moja, shaba mbili na silikoni mbili. Walipoupoza hadi karibu nusu ya nyuzi ya Kelvini juu ya sifuri kabisa, ukinzani wake wa umeme ukatoweka. Umeme ukapita bure. Kwa nadharia ya wakati huo jambo hilo halikutakiwa kutokea, kwa sababu atomu zenye usumaku kama seriamu zilijulikana kuua hali hiyo, si kuisababisha. Ukiweka lanthanamu, isiyo na elektroni za 4f, mahali pa seriamu, hupati kitu. Watu wengi hawakuamini mwanzoni, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba sampuli hazikukubaliana. Ikaja kufahamika kwamba tofauti ndogo mno ya kiasi cha shaba inatosha: sampuli moja inapitisha umeme bila ukinzani, nyingine inaingia kwenye mpangilio wa usumaku.

Mwaka 1997 huko Ames, Iowa, Vitalij Pecharsky na Karl Gschneidner walichanganya gadoliniamu, silikoni na jemaniamu. Mchanganyiko huo ukiingizwa kwenye uga wa sumaku unapata joto, ukitolewa unapoa, na hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa karibu na joto la chumba, kiasi cha watu kuanza kuota majokofu yasiyo na gesi. Walioutengeneza kwa gadoliniamu ya kawaida ya dukani waliona athari hiyo ikififia. Uchafu mdogo uliomo uliiua.

Umeona mambo yanavyojirudia? Ni thoriamu na seriamu ya 1891 kwa mara nyingine. Asilimia moja, au chini ya hapo, inaamua kama kitu kinawaka au kinazima.

Nasi tupo wapi? Kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, kina neodimiamu na praseodimiamu, mapacha walewale wa Auer. Mrima, Kwale, upande wa Kenya, kuna madini adimu. Gakara, Burundi, yamewahi kuchimbwa. Tukizungumzia hazina hizo tunapenda kutaja tani. Tani ni za jiwe, na jiwe lina ndugu wote humo ndani wakiwa wamevaa sare yao. Bei inakuja pale wanapovuliwa sare mmoja mmoja, na hiyo ni kazi ya mwanakemia, tena ya subira kubwa. Viwanda vya leo havitumii fuwele, vinatumia vimiminika viwili visivyochanganyika, lakini ni mchezo uleule wa kurudia tofauti ndogo mamia ya mara. Auer aliuanza na vyombo vya kioo, moto na spektroskopu, akiwa msaidizi asiye na mshahara.

Kwa hiyo wale wa kemia, mara nyingine mtakapopewa praktiko ya kutenganisha chumvi mbili na mkaona inawachosha, msijaze majedwali kwa namba za kubuni. Rudieni ile hatua. Mawe ya Ngualla yatatenganishwa tu na mtu fulani, mahali fulani, na hakuna kinachozuia mtu huyo awe amefanya praktiko yake hapa.